Bahari Ikipwa Pasipo Wakati Wake



Sisi watu wa pwani twaijua bahari. Mtoto wetu hajamaliza kujifunza kusoma ila amekwisha kujua bamvua ni nini na maji mafu ni nini. Mama anayekwenda mwambani kutafuta pweza hahitaji saa ya mkononi; huutazama mwezi, akajua maji yatapwa lini na yatajaa lini. Elimu hiyo hatukuipata vitabuni. Tuliipokea kwa mama zetu, nao waliipokea kwa mama zao, na kila siku inatulinda.

Lakini ipo kupwa moja ya bahari isiyokuwamo katika hesabu ya mwezi. Haiji kila mwaka wala kila kizazi, na asili yake si mwezi wala upepo, bali ni ardhi iliyo chini ya maji. Asiyeijua huiona kuwa ni bahati, akateremka ufuoni kuokota samaki waliobaki mchangani. Anayeijua huwashika watoto wake mikono akakimbilia juu. Kinachowatenganisha wawili hao ni maneno machache tu ambayo mmoja alifunzwa nyumbani na mwengine hakufunzwa. Juma hili twataka kuyaingiza maneno hayo katika nyumba zetu. Na ili yasikae katika akili za watoto wetu kama tishio tupu, hatuna budi kwanza kueleza ardhi hii tunayoikanyaga imeumbwa vipi na hutembea vipi.

Tulichukue yai la kuku. Yai lina gamba jembamba, lina ute chini ya gamba, na katikati lina kiini. Dunia nayo ina ganda, chini yake kuna tabaka nene la mawe ambalo wataalamu huliita koti, na katikati kuna kiini. Ganda ndilo tunaloishi juu yake. Chini ya bahari kuu unene wake ni kilomita 5 hadi 10 tu. Chini ya nchi kavu ni kama kilomita 30 hadi 50, na chini ya milima mirefu hufika hata 70. Hizo zaonekana nyingi, lakini kutoka hapa tulipo hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,371. Kwa hiyo ganda hili lililobeba miji, mashamba, misikiti na makaburi ya wazee wetu ni jembamba mno likipimwa na kile kilicho chini yake.

Koti hushuka hadi kilomita 2,900 hivi. Wengi hudhani kwamba chini ya ganda kuna bahari ya moto inayochemka. Sivyo. Koti ni mawe magumu, ila yana joto kali na yamekandamizwa kwa uzito mkubwa, hata yakawa yanajongea polepole mno kwa muda mrefu, mfano wa nta iliyopata joto. Sehemu ndogo tu ya mawe hayo huyeyuka, na hiyo ndiyo inayopanda juu na kutoka katika volkeno. Chini ya koti kuna kiini cha nje, ambacho ni chuma na nikeli iliyoyeyuka. Mzunguko wa chuma hicho ndio unaoipa dunia nguvu ya sumaku, nguvu ileile iliyoelekeza sindano za dira za manahodha wetu. Ndani kabisa kuna kiini cha ndani, donge la chuma kigumu lenye joto linalozidi nyuzi 5,000 za Selsiasi. Halikuyeyuka kwa sababu uzito wote wa dunia umelikandamiza kutoka kila upande.

Msomaji atauliza, na ni haki yake kuuliza: nani aliyekwenda huko akarudi na habari? Hakuna. Shimo lenye kina kikubwa kuliko yote lililochimbwa na binadamu liko katika rasi ya Kola, nchini Urusi, nalo lilifika mita 12,262, yaani kilomita 12 na kidogo. Kwa mfano wa yai letu, sindano haijalitoboa hata gamba. Elimu hii imepatikana kwa njia ambayo akina mama wanaijua vyema. Anayenunua nazi sokoni haivunji kwanza. Huigonga, akaitikisa karibu na sikio, na kwa mlio wake akajua kama ina maji au imekauka. Dunia nayo hugongwa. Kila tetemeko kubwa la ardhi, ambalo wengine wetu huliita zilzala, hupeleka mitikisiko katika mwili mzima wa dunia, nayo mitambo iliyotegwa upande wa pili huipokea. Mitikisiko mingine hupinda, mingine huchelewa, na mingine haiwezi kabisa kupita mahali palipoyeyuka. Kwa kuipima, wataalamu huijua hali ya ndani.

Na kati ya walioisikiliza nazi hiyo kwa makini kuliko wote alikuwa mwanamke. Jina lake Inge Lehmann, mzaliwa wa Denmark. Baada ya tetemeko kubwa la mwaka 1929 nchini New Zealand aligundua kwamba mitambo ya Ulaya ilipokea mitikisiko ambayo, kwa hesabu za wakati ule, haikupaswa kufika huko. Siku hizo hapakuwa na kompyuta. Jamaa yake mmoja alisimulia kwamba alimwona bustanini, meza yake imejaa maboksi ya unga wa shayiri ambamo alizipanga kadi za hesabu zake. Mwaka 1936 alitangaza kwamba ndani ya kile kiini kilichoyeyuka kuna kiini kingine. Wataalamu waliofuata wakathibitisha. Bibi huyo aliishi miaka 104.

Sasa turudi kwenye yai letu, ila safari hii liwe limechemshwa na gamba lake limegongwagongwa juu ya meza lakini halijabanduliwa. Gamba limepasuka vipande, na vipande vimeshikana juu ya yai. Hivyo ndivyo lilivyo ganda la dunia pamoja na sehemu ya juu ya koti. Limegawanyika katika mabamba makubwa yapatayo saba na mengine madogo mengi. Mabamba haya hayakutulia. Koti lililo chini yake huchukua joto la ndani na kulipeleka juu, sehemu zilizopoa huzama na zenye joto hupanda, kama uji mzito unavyojigeuza taratibu katika sufuria. Na mabamba yaliyopoa na kuwa mazito huzama kwa uzito wake na kuyavuta yaliyounganika nayo. Mwendo wake ni wa sentimita chache kwa mwaka, sawasawa na ukuaji wa kucha za vidole vyetu. Mtu hauhisi. Lakini kwa mamilioni ya miaka mwendo huo umezitenga nchi na kuzikutanisha, na umeinua milima mirefu kuliko yote duniani.

Mabamba yanapokutana hufanya moja katika matatu. Ama huachana, na katika pengo hutoka mawe yaliyoyeyuka yakaganda kuwa ganda jipya. Ama husuguana ubavu kwa ubavu. Ama hugongana, na moja likazama chini ya jengine. Hapo, palipo na kuzama, ndipo yanapotokea matetemeko makubwa zaidi.

Mijerumani Alfred Wegener alipoeleza mwaka 1912 kwamba mabara yalikuwa pamoja kisha yakaachana, wataalamu wengi walimkataa, na alifariki Greenland mwaka 1930 kabla ya kukubaliwa. Dalili nzito ilikuja baadaye kwa mkono wa mwanamke mwengine, Marie Tharp wa Marekani. Yeye hakuruhusiwa kupanda meli za utafiti kwa sababu ni mwanamke. Alibaki ofisini akichora ramani ya sakafu ya bahari ya Atlantiki kutokana na vipimo walivyoleta wanaume. Katika kuchora akaona kwamba juu ya safu ya milima iliyo katikati ya bahari hiyo kuna bonde refu, akalifananisha na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, akasema: hapa dunia inaachana. Mwenzake aliyefanya naye kazi, Bruce Heezen, mwanzoni aliyapuuza maneno yake kuwa ni mazungumzo ya wasichana. Baadaye mahali palipotokea matetemeko ya chini ya bahari palipochorwa katika ramani, palilifuata bonde lilelile. Mwenzake akakubali, na kwa miaka iliyofuata elimu nzima ya ardhi ikageuka. Twawasimulia haya mabinti zetu ili wajue kwamba elimu hii nayo imepita katika mikono ya wanawake.

Hapo tumefika kwetu, maana Bonde la Ufa ni letu. Afrika yetu imo katika kuachana. Upande wa magharibi wa bonde kuna bamba la Nubia, na upande wa mashariki kuna bamba la Somalia. Mombasa, Malindi, Lamu, Unguja na Pemba zote zimepanda bamba la Somalia. Mabamba hayo yanaachana kwa milimita chache tu kila mwaka, haba kuliko kucha. Hata hivyo, mwezi wa Machi mwaka 2018 ulipotokea mpasuko mkubwa karibu na Mai Mahiu ukaikata barabara ya kwenda Narok, picha zilienea kila mahali na watu wakaambiwa kwamba Afrika imepasuka vipande viwili. Hofu ikaingia majumbani. Wataalamu wa ardhi walieleza kwamba mvua kubwa za mwaka ule ziliusomba udongo laini wa majivu ya volkeno uliojaza ufa wa zamani. Kuachana kwa bara ni kweli, lakini ni kazi ya mamilioni ya miaka. Si habari ya kuikimbia usiku na magodoro kichwani. Anayeijua kasi ya ardhi hadanganywi na picha.

Na joto hilo la Bonde la Ufa lina manufaa kwetu. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke unaotoka chini ya ardhi umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981, na leo umeme wa mvuke ni sehemu kubwa ya umeme wa Kenya. Taa tunayosomea na jokofu linalohifadhi maziwa ya mtoto huenda wakati huu vinaendeshwa na joto la koti la dunia.

Upande wetu wa bahari nao una habari zake. Kisiwa cha Madagaska kilikuwa kimeungana na pwani hii ya kwetu, kikaanza kujitenga zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita na kuteremka kusini. Kwa ndugu zetu wa Visiwa vya Ngazija mlima Karthala ni volkeno iliyo hai. Mwaka 2018 watu wa kisiwa cha Mayotte walianza kutikiswa mara kwa mara bila kujua sababu. Mwezi Mei mwaka 2019 meli ya utafiti ikakuta chini ya bahari, kiasi cha kilomita 50 mashariki ya kisiwa, volkeno mpya yenye urefu wa mita 800 na zaidi, ambayo haikuwapo hapo kabla. Na usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko lililoanzia baharini karibu na Dar es Salaam lilihisiwa hadi Mombasa. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba mambo haya ni ya Japani na Indonesia peke yao.

Lakini ni Indonesia ndiyo iliyotuachia somo kubwa kuliko yote. Magharibi ya kisiwa cha Sumatra, bamba la India huzama chini ya bamba jirani kwa sentimita chache kila mwaka. Mabamba hayo hayatelezi kwa ulaini. Hushikana, na bamba la juu huvutwa na kupindwa kama upinde, miaka mia na zaidi. Asubuhi ya tarehe 26 Disemba 2004 upinde ulifyatuka. Kwa saa zetu ilikuwa karibu saa kumi za alfajiri. Ufa ulifunguka kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,200 katika muda wa dakika kumi hivi, na nguvu ya tetemeko ikapimwa kuwa 9.1. Sakafu ya bahari iliinuka mita kadhaa kwa mara moja, nayo ikayainua maji yote yaliyokuwa juu yake, kutoka chini hadi juu. Maji hayo yalipoporomoka yakaenda kila upande. Hiyo ndiyo tsunami. Wimbi la upepo hutikisa uso wa bahari tu, lakini hili ni bahari nzima inayosogea. Katika kina kirefu hukimbia kilomita 700 na zaidi kwa saa, na mwenye chombo hasikii kitu. Likifika penye maji haba hupunguza mwendo, na maji hujikusanya yakapanda juu. Mahali pengi, kabla ya kupanda, bahari kwanza hurudi nyuma, mbali kupita kupwa yoyote ya bamvua.

Katika mji wa Banda Aceh, watu waliookoka tetemeko lenyewe walitoka majumbani wakimshukuru Mola wao. Bahari ikajivuta. Wako walioteremka kuokota samaki. Dakika chache baadaye maji yakarudi. Siku hiyo walikufa watu wapatao 230,000 katika nchi 14, na zaidi ya 160,000 miongoni mwao walikuwa Indonesia, wengi wao Waislamu, wengi wao wanawake na watoto.

Na karibu zaidi na chanzo cha tetemeko hilo kiko kisiwa kidogo, Simeulue. Wakazi wake, Waislamu pia, walikuwa kama 78,000. Maji yaliwafikia mapema kuliko karibu watu wote, na yalivunja vijiji vyao vingi. Waliokufa kisiwani humo kwa maafa hayo walikuwa saba.

Walijua nini ambacho wengine hawakukijua? Mwaka 1907 kisiwa hicho kilipigwa na tetemeko na tsunami, watu wengi wakapotea. Waliobaki waliyapa maafa yale jina katika lugha yao, *smong*, na wakaweka ada ya kuwasimulia watoto: ardhi ikitikisika kwa nguvu, na bahari ikijivuta, usingoje chochote, panda kilimani. Mabibi waliwasimulia wajukuu wakati wa kulala. Waliliingiza katika nyimbo za kubembelezea watoto. Miaka 97 ilipita bila ya hadithi ile kuhitajika. Waliokufa wakafa, wajukuu wakawa mabibi, nayo ikaendelea kusimuliwa. Asubuhi ile ya Disemba neno moja lilipigwa ukelele kijiji hadi kijiji, na kisiwa kizima kikapanda juu. Hawakuwa na mitambo wala simu ya kuwaonya. Walikuwa na mabibi waliokumbuka.

Siku ileile, katika ufuo wa Mai Khao nchini Thailand, msichana wa Kiingereza wa miaka 10, Tilly Smith, aliona bahari inatoa povu na kuenda mbele na nyuma kwa namna aliyoieleza mwalimu wake wa jiografia majuma mawili kabla. Aliwalilia wazazi wake mpaka wakamsikiliza, na watu wapatao mia moja wakaondolewa ufuoni. Kwa hiyo mtoto aweza kuwa yeye ndiye mwenye habari. Ni wajibu wetu sisi wakubwa kumpa habari hiyo kwanza, na kumsikiliza anapoitumia.

Wimbi hilohilo lilivuka bahari yetu. Lilisafiri kilomita zipatazo 6,000, na baada ya adhuhuri likawa limetufikia. Huko Hafun, kaskazini mashariki ya Somalia, lilivunja nyumba na mashua, na Somalia ikapoteza watu wapatao mia tatu kwa makadirio. Tanzania ilipoteza watu wasiopungua kumi. Kenya ilipoteza mtu mmoja. Sababu za kuokoka kwetu ni zaidi ya moja. Umbali na mwelekeo wa wimbi ulitusitiri. Tulikuwa na muda, na baadhi ya fukwe watu waliondolewa kwa kuwa habari ilikwisha kufika kwa redio na televisheni. Na bahari yenyewe ilikuwa bado chini baada ya kupwa kwa bamvua, maana ulikuwa usiku wa mwezi mpevu. Lau wimbi lilelile lingetukuta maji yamejaa pomoni, twajua sisi wenyewe mitaa ipi ya Lamu, ya Mombasa na ya Malindi ingeingiwa.

Tangu wakati huo nchi zinazoizunguka Bahari ya Hindi zimeunda mfumo wa tahadhari, ulioanza kazi kikamilifu mwaka 2011, na vituo vya Australia, India na Indonesia hutoa onyo kwa nchi zote. Hapa kwetu onyo hupokewa na Idara ya Hali ya Hewa. Huo ni ulinzi mwema. Lakini onyo la serikali lina safari ndefu kutoka ofisini hadi kwa mama aliye mwambani ameinamia shimo la pweza, simu ameiacha nyumbani isirowe. Yeye ulinzi wake ni kile anachokijua.

Basi haya ndiyo tunayoomba kila nyumba iyaweke.

Kwanza, watoto wafunzwe maneno haya hata wayajue kama wanavyoyajua majina yao: bahari ikipwa pasipo wakati wake, kimbia juu. Sisi twaweza kuyatambua hayo kuliko wengi, kwa kuwa miadi ya bahari twaijua. Siku ambayo maji yalitakiwa kujaa nayo yanakimbia, au yanajivuta kwa dakika chache hadi mahali yasipofika hata kwa bamvua, hiyo si siku ya kuokota kombe.

Pili, aliye karibu na bahari akihisi ardhi inatikisika kwa nguvu au kwa muda mrefu, asingoje tangazo. Mtikisiko wenyewe ni tangazo. Wakati ardhi inatikisika ajikinge chini ya meza madhubuti, mbali na madirisha na makabati. Ikitulia, aondoke ufuoni. Lakini tukumbuke kwamba tetemeko la Sumatra hatukulihisi, na bado maji yalitufikia. Kutokuhisi mtikisiko si dhamana.

Tatu, kila nyumba ijue mahali pake pa juu. Penye kilima ni kilimani. Katika visiwa vilivyo chini, ambako kilima hakuna, orofa za juu za jengo imara ni bora kuliko kubaki chini. Nani atambeba bibi asiyeweza kutembea, nani atamshika mtoto mchanga, na tutakutania wapi: haya yaamuliwe leo, wakati tumekaa kwa utulivu tunakunywa kahawa. Na aliye tayari katika bahari ya kina, akipata habari, abaki huko huko kwenye kina, asikimbilie bandarini.

Nne, wimbi la kwanza si la mwisho, na mara nyingi si kubwa kuliko yote. Mawimbi huja moja baada ya jengine kwa muda wa saa kadhaa. Wengi huangamia kwa kurudi mapema kutazama nyumba au kutafuta mali. Asirudi mtu mpaka wenye mamlaka watangaze kwamba hatari imekwisha.

Tano, uvumi usipewe nafasi. Yeyote anayetuma ujumbe kwamba kesho saa fulani kutakuwa na tetemeko mahali fulani, ajulikane kuwa ni mwongo, kwa sababu hadi leo hakuna mtaalamu duniani awezaye kutaja siku na saa ya tetemeko kabla halijatokea.

Limebaki neno moja ambalo twalisema kwa upole. Kila yanapotokea maafa kama haya husikika wanaosema kwamba waliokufa wamepata malipo ya madhambi yao. Kitabu chetu kina sura nzima yenye jina la zilzala, nayo hutukumbusha siku ambayo kila nafsi itayaona matendo yake mwenyewe. Haikutupa sisi kazi ya kuhesabu matendo ya jirani aliyefunikwa na kifusi. Huko Aceh msikiti mkuu wa Baiturrahman ulibaki umesimama na watu wengi wakapata hifadhi ndani yake, nasi twafurahi kwa hilo. Lakini nyumba zilizoporomoka pembezoni mwake zilikuwa za watu waliokuwa wakisali ndani ya msikiti huohuo. Aliyekufa tumwombee rehema. Aliye hai tumpe elimu. Kujua kwamba bamba limezama chini ya bamba hakupunguzi ukubwa wa Muumba kwa mwenye imani, kama vile kujua hesabu ya mwezi hakumzuii kuushangaa unapoandama. Na anayefunzwa kumfunga ngamia wake kwanza, ndipo atawakali, hawezi kusema kwamba tahadhari ni upungufu wa imani.

Kwa hivyo ombi letu kwa akina mama na mabibi ni jepesi. Nyinyi ndio mliotufunza kupwa na kujaa. Ongezeni hili katika mafunzo hayo. Lisimulieni usiku mnapowalaza watoto, liimbeni mkipenda, na mwaka ujao lirudieni, hata kama bahari imetulia. Huenda lisihitajike katika uhai wetu wala wa watoto wetu, nasi twamwomba Mola iwe hivyo. Watu wa Simeulue walilibeba lao miaka 97 bila ya kulitua.

Tukutane juma lijalo, InshaAllah.